Mguu wa Susu Haukukanyaga Kamuti

Kuna vidio yangu nimeifuta wiki iliyopita. Wale mmekuwa hapa tangu mwanzo mnaijua. Susu anatoka stendi ya Kabati na kiondo mkononi, anatembea hatua kama hamsini, anasimama, anashika mwembe. Anaendelea. Anasimama tena. Mimi nimeweka muziki wa kutisha nyuma, na maandishi juu yanasema "Ukikanyaga kamuti ya wenyewe". Mlicheka sana. Hata mimi nilicheka. Hakuna kitu nimewahi kuposti kilichoniletea wafuasi wengi kama hicho, na pesa ya kwanza ya tangazo niliyowahi kulipwa maishani ilitoka kwa mwenye duka aliyeiona.

Watu wameniuliza kwa nini nimeifuta na ilikuwa bado inatembea vizuri. Nimejaribu kujibu kwa komenti nikashindwa, kwa hivyo naandika. Ni ndefu. Kama una haraka, rudi jioni.

Kwanza, Kabati ninayosema ni ya Kitui, si ile ya Murang'a. Kila mara nikitaja kwetu kuna msee wa Kenol ananiambia tukutane. Sisi ni Kitui Magharibi, ukitoka Machakos ukielekea Kitui mjini unatupita. Ndengu, maembe, mchanga, jua. Na kamuti, kama unaamini intaneti. Mkamba akifungua mdomo kwa mtandao, komenti ya tatu ni ya mtu anayeuliza bei ya kamuti ya kumfunga bibi. Tumezoea. Wengine wetu tumeifanya kazi, na mimi ni mmoja wao, siwezi kukataa.

Lakini huku nyumbani si mzaha tu. Mguu ukiuma bila sababu, ukivimba, ukiwa na kidonda kisichopona, kuna maelezo yanayokuja kabla ya daktari: umekanyaga kitu. Mtu aliweka kitu njiani, pengine hata hakikuwa chako, ukapita wewe. Susu ni mtu wa AIC, haendi kwa waganga, na bado nilimsikia mara moja akimuuliza jirani ni nani amekuwa akipita ile njia ya mtoni asubuhi.

Sasa, kile nilichokuwa narekodi siku hiyo kina jina hospitali. Ukitembea, misuli ya mguu inataka damu zaidi, kwa sababu damu ndiyo inabeba hewa na chakula. Mishipa inayopeleka damu chini ikiwa imeziba kwa mafuta na chokaa, damu inayopita inatosha ukiwa umekaa, lakini ukitembea haitoshi. Msuli unalia. Unasimama dakika mbili au tatu, damu inafika, maumivu yanaisha, unaendelea. Halafu umbali uleule, inarudi. Ni kama maji ya kaunti: ukifungua mfereji mmoja yanatoka, ukifungua mitatu yanakatika.

Ile vidio yangu ilikuwa inaonyesha dalili hiyo vizuri kuliko kitabu. Hatua hamsini, simama, shika mwembe. Hatua hamsini, simama. Watu wengi waliiona, na nina hakika kati yao kulikuwa na wanafunzi wa udaktari, maana wako hapa kila siku wakibishana. Hakuna aliyesema kitu. Siwalaumu. Muziki ulikuwa mzuri.

Susu ana sukari, miaka mingi sasa. Mvua za Novemba akiwa shambani anapanda ndengu, jembe lilimgonga kidole kikubwa cha mguu wa kushoto. Kidonda kidogo, hata damu haikutoka sana. Krismasi ikapita. Januari kidonda bado kipo, na sasa kina harufu. Kuna kiliniki tulimpeleka mara tatu. Mara tatu alipewa dawa za maumivu na za vidudu, akaambiwa ni baridi yabisi na uzee. Kitu ninachokumbuka ni kwamba mara zote tatu hakuna mtu aliyemvua soksi ya mguu ule mwingine akalinganisha. Hakuna aliyegusa mguu kuona kama una baridi. Mimi pia nilikuwa nimekaa pale nikiangalia simu, kwa hivyo sitapiga kelele sana.

Mara ya nne ilikuwa mahali pengine, na kijana mmoja mpole aliangalia kidole kwa muda, akaandika barua ya kwenda Nairobi. Kwenye ile barua, kati ya maneno mengine mengi, kulikuwa na "picha ya nyuklia". Hapo ndipo kelele ilianza.

Barua ilipigwa picha ikawekwa kwa kundi la WhatsApp la familia. Baba mdogo akauliza kama hiyo ndiyo ile ya Hiroshima. Shangazi ameolewa Kilifi, na huko neno nyuklia si la kucheza nalo. Mwaka 2024 watu wa Uyombo waliandamana kupinga mpango wa serikali wa kujenga kinu cha umeme wa nyuklia kwao, na polisi wakaja. Shangazi akaandika ujumbe mrefu kwamba mama yake hatachomwa sindano ya kitu ambacho watu wa Uyombo wamekikataa. Binamu mmoja akasema Susu atatoka hapo akiwa hawezi kukaribia watoto tena. Mjomba mwingine, ambaye huwa haandiki kitu mpaka siku ya mazishi, akaandika sentensi moja: "Si wakate tu huo mguu, yaishe."

Halafu wakaamua mimi ndiye nimpeleke. Sababu? Mimi ndiye nilifika chuo kikuu. Niliacha mwaka wa pili, na nilikuwa nasoma mambo ya biashara, lakini nyumbani hiyo haijalishi. Ukiwa umekanyaga lango la chuo, wewe ni daktari, wakili na fundi wa televisheni.

Mjue pia kwamba nimepewa jina la baba ya baba yangu, mume wa Susu. Kwa hivyo tangu nizaliwe yeye huniita mume wangu. "Mume wangu, umekula?" "Mume wangu, zima hiyo simu." Ndivyo tulivyosafiri kwenda Nairobi, mume na mke, mmoja ana miaka 71 na mwingine 23.

Nilienda nikijua tunaenda kuingia kwa mashine kubwa. Nilikuwa nimeshapanga hata vile nitairekodi. Daktari, mama mmoja wa makamo, hakutaja mashine yoyote. Alimwambia Susu alale, akamvua soksi zote mbili, akaweka kiganja juu ya mguu wa kulia, kisha wa kushoto, kisha akaniambia, "Hebu gusa." Nikagusa. Wa kushoto ulikuwa baridi kama chupa ya soda. Mimi naishi na huyu mtu. Sikuwa nimewahi kumgusa mguu.

Kisha akachukua kile kitambaa cha kupimia presha, kile kile mnachokiona kwa duka la dawa. Akapima mkono: 152. Akakifunga juu ya kifundo cha mguu, akaweka kidude kidogo kama kalamu kinachosikiliza damu, kinatoa sauti ya fushi-fushi. Mguu wa kulia: 118. Wa kushoto: 79. Unagawanya namba ya mguu kwa namba ya mkono. Mtu mzima mwenye mishipa safi anapata kama 1 au juu kidogo. Chini ya 0.9 kuna shida. Susu wa kushoto alikuwa 0.52.

Yaani hiyo tu. Kitambaa, kalamu, kugawanya. Dakika kumi. Nilikasirika hadi nikataka kutoka nje, kwa sababu kile kitambaa kiko Kabati. Kalamu ile ndiyo haiko, lakini si mashine ya kuletwa kwa meli, inatoshea mfukoni. Daktari alinituliza kidogo. Alisema kwa mtu wa sukari hata hiyo namba inaweza kudanganya, kwa sababu mishipa inaweza kuwa migumu kama bomba la chuma, kitambaa kinashindwa kuibana na namba inatoka juu mtu akidhani yuko salama. Ndiyo maana wakati mwingine wanapima presha ya kidole cha mguu chenyewe. Kwa Susu namba ilikuwa chini waziwazi, haikuhitaji ubishi.

Baadaye akapigwa picha ya mawimbi ya sauti, ile ya Doppler, wanaona damu ikitembea kwa rangi. Mshipa wa paja la kushoto ulikuwa umeziba karibu wote. Kwa hivyo swali la kama damu inafika lilishajibiwa bila nyuklia yoyote. Nikamuuliza daktari, sasa ile barua?

Hapa ndipo nilianza kuelewa kitu ambacho naona watu wengi hawaelewi, hata mimi sikuelewa. Picha si kitu unafanya kwa sababu ni kubwa na ya bei. Picha ni jibu, na lazima kuwe na swali. Swali la Susu lilikuwa moja: je, uchafu wa kile kidonda umeingia kwa mfupa? Kwa sababu kama umeingia, dawa ya kumeza pekee inaweza isitoshe. Na kama umeingia, umefika wapi? Kidole tu, au umepanda? Picha ya kawaida ya mifupa, eksirei, walipiga, haikuonyesha wazi, kwa sababu mfupa ulioanza kuoza unaweza kukaa wiki mbili au zaidi kabla eksirei ione. MRI ndiyo wangeipendelea. Susu aliingizwa kwa lile bomba hadi mabegani akapiga kelele atolewe, akasema hajafa bado, hawezi kuingizwa kaburini na watu wamevaa viatu. Wakamtoa. Ikabaki ile ya nyuklia.

Nchini Kenya picha hizi unazipata Nairobi: Kenyatta, Aga Khan, na ile hospitali ya rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta upande wa Thika Road ambayo ina kituo kizima cha mambo haya. Tukapewa siku, saa mbili asubuhi, na onyo: msichelewe, dawa inatengenezwa kwa ajili yenu na haikai.

Nilidhani ni maneno ya kutisha tu watu wa nyumbani wafike mapema. Tulitoka Kabati usiku, tukapita Machakos bado giza, tukafika Mlolongo tukakwama. Lori limelala barabarani. Saa mbili na dakika kumi simu ikalia, "Mko wapi?" Sauti haikuwa na mzaha. Tulifika tumechelewa dakika 40.

Yule fundi wa picha, kijana karibu rika langu, alinieleza wakati Susu anavua viatu. Kitu wanachochoma kinaitwa teknetiamu. Kila saa 6 nusu yake inakufa. Ikiwa imetengenezwa saa kumi na mbili asubuhi, saa sita mchana una nusu, jioni robo, usiku wa manane sehemu moja ya nane. Kesho yake asubuhi haijabaki hata moja ya kumi na tano. Zile dakika zetu 40 za Mlolongo zilikuwa zimekula kama asilimia 7. Bado ilikuwa sawa. Lakini fikiria mtu anatoka Mandera.

Kwa hivyo huwezi kununua teknetiamu ukaweka kabatini. Hospitali inaletewa chombo ambacho ndani yake kuna kitu kingine, molibdenamu, ambacho hufa polepole, nusu yake baada ya saa kama 66, na kinapokufa kinageuka kuwa teknetiamu. Kila asubuhi wanapitisha maji ya chumvi humo wanachukua teknetiamu iliyojikusanya. Molibdenamu hiyo hutengenezwa kwenye vinu vichache duniani. Kimoja kiko hapa Afrika, Pelindaba, Afrika Kusini. Na hicho chombo, wenyewe kazini dunia nzima wanakiita ng'ombe. Asubuhi wanakamua.

Nilimtafsiria Susu kwa Kikamba. Alielewa kabla sijamaliza. Aliuliza swali moja tu: hukauka baada ya muda gani? Nikamuuliza fundi. Wiki moja hivi au mbili, kisha wanaleta mwingine. Susu akatikisa kichwa kama mtu aliyesikia habari za ng'ombe mbaya.

(Tulikuwa tumeuza ng'ombe wetu, yule wa madoa, kulipia hii safari. Hakuna aliyesema kitu.)

Teknetiamu yenyewe, nilisoma baadaye, haikuwa inajulikana mpaka 1937, Waitaliano wawili, Carlo Perrier na Emilio Segrè, walipoipata Palermo kwenye kipande cha chuma kilichotoka kwa mashine ya Marekani. Lakini wazo la kufuata damu kwa mionzi ni la kabla ya hapo. Katikati ya miaka ya 1920 kule Boston, daktari anaitwa Herrmann Blumgart alikuwa anachoma kitu chenye mionzi kidogo kwa mkono mmoja wa mtu, kisha anangoja kwa mkono wa pili na chombo cha kunasa, anahesabu. Kwa mtu mzima wa afya, damu ilichukua kama sekunde 18 kutoka mkono hadi mkono. Miaka mia moja imepita na bado ni mchezo uleule: weka kitu kinachong'aa ndani ya damu, uone kinafika lini na wapi.

Na hapa ndipo kundi letu la WhatsApp lilikuwa limekosea kabisa. Ile mashine haikupigi chochote. Kamera ya gama ni kama jicho, iko pale imenyamaza, inapokea. Anayetoa mionzi ni mgonjwa. Kiasi anachopata kwa picha ya mifupa ni kama milisiveti 3 hadi 5, na binadamu wa kawaida duniani anapata kama 2.4 kwa mwaka kutoka kwa ardhi, hewa na anga bila kuchomwa sindano yoyote. Si sifuri. Ndiyo maana haifanywi bila sababu, na mama mjamzito lazima aseme mapema. Lakini si Hiroshima. Na mtu anaweza kupinga kinu cha Uyombo na bado akapigwa picha hii bila kujikana. Ni vitu viwili tofauti, jina tu ndilo linavifananisha, na shangazi nimemwambia hivyo.

Walimlaza, miguu chini ya kamera, wakamchoma mkononi. Picha za kwanza huchukuliwa papo hapo, moja baada ya nyingine kila sekunde chache, kuona damu ikifika. Fundi aliniruhusu nisimame nyuma ya kioo. Skrini ilikuwa nyeusi. Kisha upande wa kulia ukaanza kuwa na vidoti, kama nzi wa usiku, mguu ukajichora polepole. Upande wa kushoto bado giza. Nikahesabu kichwani. Bado. Kisha vidoti vichache, vimetawanyika, kama mvua ya Kitui.

Nilitoa simu. Mkono ulienda wenyewe, sitadanganya. Niliingia mle ndani wakati wanabadilisha picha, nikaiinua. Susu amelala, anaangalia dari, akageuza kichwa kidogo.

"Mume wangu," akasema, "hii nayo ni ya kuchekesha watu?"

Sikujua kwamba anajua. Nilikuwa nimemwambia ile vidio ya mwembe ni ya kumbukumbu. Kumbe wasichana wa kwaya walimwonyesha kitambo, siku ya mazoezi, wakidhani atafurahi. Alikuwa amekaa na hiyo kitu miezi, ananipikia muthokoi, ananiuliza kama nimekula.

Nikarudisha simu mfukoni.

Picha hizi zina sehemu tatu. Ya kwanza ni hiyo ya damu kufika. Ya pili ni dakika chache baadaye, damu ikiwa imetulia kwenye nyama. Ya tatu ni baada ya saa kama 3, kwa sababu ile dawa imefungwa na kitu kinachopenda mfupa, na inahitaji muda ijikusanye pale mfupa unapofanya kazi kupita kiasi. Katikati unakunywa maji mengi na kwenda chooni, maana inatoka kwa mkojo, na unaambiwa umwage maji mara mbili na unawe vizuri. Kulikuwa na mama mjamzito kwenye foleni ya idara nyingine, Susu akahama benchi mwenyewe bila kuambiwa, akakaa mwisho kabisa karibu na dirisha. "Mimi sasa ni jiko," alisema.

Tulikaa hapo saa tatu. Nikamwomba msamaha. Sikujua niseme aje kwa Kikamba bila kuonekana nahubiri, kwa hivyo nilisema vibaya. Akaniambia siku ile maumivu yalikuwa kama mtu ameshika shavu la mguu kwa koleo na anazungusha. Akaniambia kitu kingine ambacho nilikuwa nimesahau, na sijui nilisahauje. Nilimfanya arudie. Mara tatu. Jua lilikuwa vibaya mara ya kwanza, mara ya pili bodaboda ikapita mbele, kwa hivyo nikamwambia, Susu rudi mpaka stendi, njoo tena. Na akarudi. "Nilidhani ni kazi ya shule," akasema. Nilikuwa nimeshaacha chuo wakati huo. Hakuwa anajua hilo pia.

Majibu: mfupa wa kile kidole uling'aa kwa picha zote tatu, hata kwa damu kidogo iliyokuwa inafika. Mifupa mingine ya mguu haikuwa hivyo. Daktari hakutegemea hiyo peke yake. Alituambia hata baridi yabisi inang'aa, hata mfupa uliovunjika unang'aa, na tena damu ikiwa kidogo sana dawa inaweza isifike na picha ikasema hakuna shida wakati shida ipo. Waliisoma pamoja na eksirei, na kidonda chenyewe, na vipimo vya damu. Lakini iliwapa mpaka. Uchafu uko hapa, haujafika hapa.

Na mpaka ndio uliokoa mguu. Mpango ukawa kufungua mshipa wa paja kwanza, kwa puto dogo linalopitishwa ndani kwa waya, kisha baadaye kukata kidole. Kwa mpangilio huo. Ukikata kabla damu haijafika, kile kidonda cha kukata nacho hakiponi, unakata tena juu, na tena juu. Mjomba alikuwa ameandika sentensi yake bila kujua anaongea juu ya goti la mama yake.

Kidole hakipo. Mguu upo.

Sasa najua kitakachotokea kwa komenti: watu wataanza kutafuta picha ya nyuklia kwa wazazi wao. Tafadhali. Susu alihitaji kiganja mguuni Novemba, na kitambaa cha presha Disemba. Hiyo picha ilikuja kujibu swali la mwisho, baada ya sisi wote kuchelewa. Kuna mshipa unapiga juu ya mguu, katikati, kabla ya vidole. Mwingine nyuma ya kile kifundo cha ndani. Leo jioni vua soksi za mtu wenu mwenye sukari, tafuta hiyo mipigo pande zote mbili, angalia katikati ya vidole. Usipoipata si lazima iwe ugonjwa, hata wauguzi huikosa, lakini mguu mmoja ukiwa baridi na mwingine una joto, au kuna kidonda kimemaliza wiki mbili, au anasimama njiani akishika shavu la mguu, si uzee huo. Mwulize daktari kwa jina: apimwe presha ya mguu.

Na wewe wa miaka 22 unayesoma hii ukivuta, usidhani nimeandika habari za wazee. Sigara ndiyo adui mkubwa wa mishipa hii. Kuna ugonjwa, wanauita wa Buerger, unaoziba mishipa midogo ya miguu na mikono ya watu ambao hawajafika hata miaka 45, na karibu wote ni wa tumbaku. Susu mwenyewe daktari alimkuta na kichupa cha mbaki kwa kiondo. Walibishana. Daktari alishinda, nadhani. Kichupa sijakiona tena, lakini mimi si mtu wa kuona vitu, mmeshajua.

Vidio nimeifuta kwangu. Iko bado kwa kurasa za watu wengine, walioikata wakaweka muziki wao. Nimewaandikia wanne. Mmoja amejibu, na akanitumia vicheko.

Daktari amemwambia Susu atembee. Hiyo nayo ni dawa: unatembea mpaka uchungu uanze, unapumzika, unaendelea, kama nusu saa, mara kadhaa kwa wiki, na mwili unazoea kutumia damu iliyopo. Kwa hivyo jioni jua likipoa tunaenda stendi na kurudi. Mara ya kwanza alisimama kwa mwembe uleule. Sasa anaupita, anasimama mara moja tu, kwa duka la kusaga. Jumamosi aliniambia nirekodi. Nikarekodi, bila muziki, dakika nne, kiatu kimoja kikubwa kuliko kingine kwa sababu ya bandeji. Sijaiposti. Ameshaniuliza mara mbili kwa nini wasichana wa kwaya hawajaiona.